Staji imeisha Lubumbashi: mambo ya kuandaa kabla ya kurudi kuulizia kazi

Nilipomaliza staji yangu, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu hapa Lubumbashi, Kongo, kila Jumatatu asubuhi nilimpigia simu ankadreri wangu, yule aliyekuwa ananisimamia. Jibu lake halikubadilika: "Subiri kidogo, dosie iko inatembea," yaani faili langu linashughulikiwa. Nikasubiri wiki saba. Siku moja nikaamua kwenda mwenyewe, na mlinzi wa geti, ambaye tulikuwa tumezoeana, akanihurumia: "Mwanangu, yule papa hana usemi juu ya kuajiri watu. Anayesaini ni mama wa RH, ofisi ya wafanyakazi." Nikaomba kumwona huyo mama. Alikuwa hajawahi kusikia jina langu. Ile dosie niliyoambiwa inatembea haikuwa imeandikwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua nani anasaini, na ujue ungali ndani, kabla hujarudisha beji. Ankadreri anaweza kukusifu na kukuombea, lakini mara nyingi shefu wa idara ndiye anayeomba mtu, RH wanashughulikia karatasi, na mkurugenzi anatia saini. Muulize bila kuzunguka: "Shefu, kama nafasi itakuwepo, barua niandikie nani?" Ukishajua, chunguza pia kama uamuzi unafanyika hapa au Kinshasa. Ikiwa ni Kinshasa, kumbuka saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukipiga saa mbili asubuhi kule ni saa moja, ofisi bado imefungwa. Na ukiwa umefanya staji yako kwenye mgodi, angalia kama watu uliokuwa unafanya nao kazi wameajiriwa na mgodi wenyewe au na kampuni ndogo iliyopewa kazi humo. Wengi huandikia jina kubwa lililo kwenye ukuta, kumbe mwajiri ni mwingine kabisa.

Jambo la pili ni karatasi. Hati ya staji iombe wiki ya mwisho, si mwezi baadaye wakati shefu ameshahamishiwa Kolwezi. Hakikisha ina mhuri, tarehe za kuanza na kumaliza, na jina la idara. Weka nakala ya ripoti yako ya staji, na pembeni andika ukurasa mmoja wa mambo uliyoyafanya kwa mikono yako: stoo uliyoihesabu, mashine uliyoifungua, faktura (ankara) ulizopanga. Ripoti ya kurasa 40 hakuna atakayeisoma. Ukurasa mmoja utasomwa. Ongeza diploma au cheti chake cha muda, kadi ya mpiga kura kwa ajili ya kitambulisho, na kadi ya mtafuta kazi kutoka ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Cheti cha daktari na kile cha tabia njema usikimbilie kulipia mapema, maana vinazeeka. Ujue tu wapi utavipata kwa siku mbili wakikuita.

Halafu barua. Hapa kwetu unaongea Kiswahili tangu getini hadi kantini, lakini barua ya kazi inaandikwa Kifaransa, na kosa la tahajia kwenye mstari wa kwanza linaonekana kuliko mwaka wako mzima wa masomo. Mpe mtu mwingine aisome. Iwe fupi: ulikuwa idara gani, tangu lini hadi lini, chini ya nani, ulifanya nini, na unaomba kazi gani hasa. "Kazi yoyote" si ombi, ni kumwachia mwenzako kazi ya kukufikiria. Chapa nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine wakupigie mhuri na tarehe kwamba wameipokea, ile akize yetu. Bila akize huna cha kuonyesha wakisema hawakuiona, na watasema.

Kuhusu muda, mimi hupeleka barua ndani ya wiki mbili tangu staji iishe, sura yangu ikiwa bado haijasahaulika, kisha naacha siku kumi kabla ya kuulizia. Baada ya hapo ujumbe mmoja kila wiki tatu unatosha. Usipige simu usiku, usiende mwisho wa mwezi ofisi ikiwa inashughulikia mishahara, na usimtume mjomba. Naam, najua mjomba wakati mwingine anafungua mlango. Lakini akianza yeye, wewe unabaki mtoto wa fulani hata baada ya miaka mitano ya kazi nzuri.

Ukipiga simu, salimia kwanza, uliza habari za nyumbani, kisha sema barua yako ilipokelewa tarehe gani. Tarehe inafanya kazi kubwa: mtu hawezi kukujibu "dosie iko inatembea" ukiwa unaisoma kwenye mhuri wake.

Jiandae pia kwa siku watakayosema ndiyo, kwa sababu furaha inafunga macho. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mkataba uandikwe. Usipoandikwa, inachukuliwa kuwa ni wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine, isipokuwa ile kazi ya kulipwa siku kwa siku. Muda wa majaribio hauwezi kuzidi miezi sita. Kwa kibarua asiye na ufundi wowote, mwezi mmoja. Mkataba wenye kikomo hauvuki miaka miwili. Ukiambiwa "endelea tu na staji miezi mingine sita, tutaona," uliza kama ni staji au ni majaribio, na uliza kwa maandishi. Uliza pia kama mshahara uliotajwa ni bruto (kabla ya makato) au neto (baada ya makato), kwa sababu CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 5 kwako kabla kodi ya serikali haijaja, na mtu aliyepiga hesabu ya kodi ya nyumba Kampemba kwa bruto atashangaa mwezi wa kwanza.

Na kama mtu yeyote, awe ndani ya ofisi au nje, anakuomba madeso ya watoto, yaani hongo, ili barua yako ipande juu, rudi nyumbani na pesa yako. Nimeona kijana wa Katuba akiuza simu kwa ajili hiyo. Mwezi uliofuata alipotaka kuuliza dosie imefika wapi, hakuwa na simu ya kupigia.