Msimu mpya wa Severance: jiandae bila kurudia sehemu zote

Severance, tamthilia ya televisheni ya Marekani, ilitoweka karibu miaka 3. Sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza ilitoka Aprili 2022, msimu wa pili ukafunguliwa 17 Januari 2025. Katikati hapo waandishi na waigizaji wa Marekani waligoma, na upigaji picha ukasimama kwa miezi. Ukikaa muda wote huo unabaki na sura tu za watu, mambo yenyewe yameshakutoka. Mamdogo, ambaye ndiye ninayeangalia naye hapa Morogoro, alichokuwa anakumbuka ni kwamba "kuna wafanyakazi wanachanjwa ubongo." Hajakosea sana. Ni kipandikizi kichwani: ukiingia kazini kwenye kampuni ya Lumon unasahau maisha yako ya nyumbani, ukitoka unasahau ya kazini.

Nitataja yote ya msimu wa kwanza. Kama hujauona, ishia hapa.

Watu wengi huamua kurudia sehemu zote 9, wakifika ya tatu wamechoka. Usifanye hivyo. Anzia dakika za mwisho za sehemu ya nane, pale mfanyakazi Dylan anapofungua swichi na wenzake Mark, Helly na Irving, wale wa ndani wanaojua ya kazini tu, wanazindukia nje, kisha uangalie ya tisa mfululizo bila kuigusa simu. Dylan anashikilia swichi mbili kwa mikono iliyotanuka, mwili unatetemeka, huku msimamizi wao Milchick akihangaika kufungua mlango. Wakati huohuo Mark anamtafuta dada yake katikati ya wageni, picha ya harusi mkononi, ampe habari: mke wake aliyedhaniwa amekufa kwa ajali yuko hai. Hadithi ilikatikia hapo. Baada ya hiyo ndipo urudi sehemu ya kwanza, Helly anapoamka juu ya meza na sauti inamuuliza yeye ni nani. Utaiona kwa jicho jingine kabisa, maana sasa unajua yeye ni mtoto wa nani.

Sehemu za katikati zinaweza kusubiri. Kama una nafasi ya moja tu, chukua ya saba.

Kabla ya kufungua msimu mpya, chukua karatasi uandike nani anajua nini. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu kila mhusika ni watu wawili wasiofahamiana. Yangu niliiandika hivi: Mark wa ndani anajua kwamba Ms. Casey, yule mshauri wa wafanyakazi, ndiye Gemma mke wake. Mark wa nje hajui kitu, aliyesikia ni dada yake Devon. Helly wa ndani ameshagundua kwamba nje yeye ni Helena Eagan, binti wa mwenye kampuni, ila wenzake hawajui. Irving ameona kwamba akiwa nyumbani anachora korido moja nyeusi kila siku. Dylan anajua ana mtoto, basi. Mamdogo aliibandika karatasi hiyo pembeni ya televisheni, na ilitusaidia kuliko ule muhtasari wa haraka wanaouweka mwanzoni.

Sehemu ya ufunguzi ya msimu wa pili haitoki nje ya ofisi hata mara moja. Ukiisubiri ikuoneshe kilichotokea kwenye ile sherehe, utakasirika bure. Mark anashuka kwenye lifti na kuanza kukimbia kwenye korido nyeupe, kona baada ya kona, akimtafuta Ms. Casey. Milchick amekalia kiti cha bosi. Tega sikio Mark, Helly na Irving wanaposimulia walichokiona huko nje. Helly anasema alimwona mtunza bustani wa usiku. Mamdogo, aliyekuwa katibu muhtasi hadi alipostaafu, alibonyeza rimoti hapohapo: "Huyu anadanganya, mwanangu. Mimi nimewaona wa hivi ofisini." Nawe simamisha hapo, andika jibu hilo kwenye karatasi yako. Kwa nini, sikwambii.

Maandishi ya chini yawashe hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Wanaongea kwa kunong'ona mno. Pakua usiku kama unatumia bando. Sehemu mpya zilikuwa zinatufikia Ijumaa, na mitandao ilikuwa imeshamwaga kila kitu kabla ya chai ya saa nne, kwa hiyo ama uangalie mapema ama uizime. Wanaosubiri zote zikamilike ndipo waangalie nawaelewa, ila tamthilia hii inataka wiki nzima ya kubishana na mtu.

Msimu wa tatu umeshathibitishwa tangu Machi 2025. Ukikaribia, rudia ya kumi ya msimu wa pili, halafu ya saba, ile ya Gemma. Na uandike karatasi mpya, maana ile ya zamani haifai tena.