Wenzako Hawakusikii kwenye Steam Deck: Jinsi ya Kutafuta Mahali Sauti Ilipokwama

Mchezaji wa Steam Deck, kompyuta ndogo ya mkononi ya kuchezea magemu, anapoambiwa na wenzake kwamba hasikiki, mara nyingi hugusa kila kitu kwa mpigo: anapandisha sauti, anachomoa hedifoni, anazima kifaa na kukiwasha, anafuta programu na kuiweka upya. Tatizo likiondoka hajui ni kipi kilicholiondoa, na likirudi kesho yake anaanza tena kupapasa gizani. Mwongozo huu unafuata njia ya polepole kidogo. Sauti yako hupita vituo vinne kabla ya kumfikia mwenzako: maikrofoni, mfumo endeshi wa kifaa, programu ya mazungumzo au gemu lenyewe, na mwisho mtandao. Ukishajua imekwama kituo gani, marekebisho huwa ya dakika chache.

Kabla ya kugusa chochote, uliza ni nani asiyemsikia nani. Iwapo watu wote kwenye kikundi wanalalamika kwamba hawakusikii, tatizo liko kwako. Iwapo ni mmoja tu, mwambie kwa upole aangalie kifaa chake. Mwangwi nao una kanuni yake, na huwachanganya wengi kwa sababu unaenda kinyume na tunavyotarajia: ukisikia maneno yako yanakurudia kama mtu aliyeita ndani ya kisima, si kifaa chako chenye kosa. Mmoja wa wenzako ameacha spika wazi, na maikrofoni yake inaokota sauti yako na kuirudisha. Waombe wazime maikrofoni zao mmoja baada ya mwingine, na mwangwi utakapokatika mtakuwa mmempata mhusika.

Baada ya hapo jipime mwenyewe. Bonyeza kitufe cha STEAM, ingia kwenye mipangilio, na ufungue sehemu ya sauti. Hapo kuna kifaa cha kutolea sauti na kifaa cha kuingizia sauti, kila kimoja na orodha yake, na hakuna sharti kwamba viwe kitu kimoja: unaweza kusikiliza kwa hedifoni huku Steam Deck ikiendelea kuchukua sauti kwa maikrofoni yake ya ndani, iliyo umbali wa mikono yako na karibu na feni inayovuma. Hakikisha kilichochaguliwa ndicho unachokitaka, na kwamba kiwango cha maikrofoni hakijashushwa hadi sifuri. Kisha nenda kwenye sehemu ya marafiki na mazungumzo, ambako kuna kitufe cha kujaribu maikrofoni. Kibonyeze, ongea kwa sauti yako ya kawaida, na utajisikia. Ukijisikia vizuri hapo, vituo viwili vya kwanza ni salama na unaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye programu. Usipojisikia, endelea na aya inayofuata.

Kwa wanaotumia hedifoni ya waya, itazame pini yake kabla ya kuitilia shaka mipangilio. Tundu la Steam Deck ni la milimita 3.5 na linapokea sauti ya kuingia na ya kutoka kwa pini moja. Pini yenye mistari mitatu myeusi ina njia nne za umeme, yaani sikio la kushoto, sikio la kulia, waya wa pamoja na maikrofoni. Yenye mistari miwili haina njia ya maikrofoni kabisa, hata kama hedifoni ni ya bei kubwa. Zile hedifoni za kompyuta zenye pini mbili, ya kijani na ya waridi, zinahitaji kiunganishi cha kuzikusanya kuwa pini moja ya mistari mitatu. Eafoni za waya za simu, zile zenye kitufe cha kupokelea, kwa kawaida zinafaa bila kiunganishi chochote.

Pini ikiwa sahihi, hakikisha imezama hadi mwisho. Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima nikibadilisha mipangilio, kumbe kava la mpira nililolivisha kifaa lilikuwa nene kuzunguka tundu, na pini ilibaki nje kwa unene wa ukucha. Dalili yake ni ya pekee, na nikiisikia sasa naitambua papo hapo: muziki unasikika lakini ni mwembamba, ala zipo pembeni, na sauti ya mwimbaji imetoweka kama aliyeondoka jukwaani. Hilo hutokea waya wa pamoja usipogusa mahali pake, hivyo kila kilicho sawa katika masikio yote mawili hufutika, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida ndiyo iliyo sawa pande zote. Maikrofoni, ambayo njia yake iko kwenye kiungo cha mwisho karibu na shina la pini, nayo hunyamaza. Nilivua kava, nikasukuma pini ikatoa mlio mdogo wa kukaa, na mazungumzo yakaendelea.

Bluetooth inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Hedifoni ya Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kufanya kazi, na haiwezi kutumia zote kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni ya kusikiliza tu: sauti huja safi, pande mbili, lakini maikrofoni haitumiki. Njia ya pili ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya simu: maikrofoni inafunguka, ila sauti yote, ya kuingia na ya kutoka, inashuka hadi upande mmoja, na hupimwa mara 16,000 kwa sekunde, au 8,000 kwa hedifoni za zamani, badala ya 44,100 au 48,000 za sauti safi. Ndiyo maana mtu anajiunga na mazungumzo na ghafla gemu lake linasikika kama simu ya mezani ya miaka ya tisini. Wala hili si la Steam Deck peke yake. Nintendo Switch, kifaa kingine cha mkononi cha kuchezea magemu, ilipopata sauti ya Bluetooth mwezi Septemba 2021, maikrofoni za Bluetooth hazikukubaliwa kabisa, na mchezaji alibaki na sauti ya kusikiliza tu.

Kwa hiyo, ukitaka kubaki na hedifoni yako ya Bluetooth, isikilizie lakini chagua maikrofoni ya ndani ya Steam Deck kama kifaa cha kuingizia sauti. Hedifoni itarudi kwenye njia yake safi. Ukitaka maikrofoni iliyo karibu na mdomo, tumia waya. Kwa maoni yangu eafoni ya waya ya bei ndogo inashinda hedifoni ya Bluetooth ya bei kubwa katika kazi hii moja ya kuongea, na sioni haya kulisema hivyo mbele ya walionunua zile za bei. Wapo pia wanaotumia hedifoni za USB-C, ambazo hufanya kazi vizuri zikiwa na chipu yake ya sauti ndani, lakini kumbuka kwamba kifaa kina tundu moja tu la USB-C, hivyo utahitaji habu, yaani kifaa cha kugawa tundu moja kuwa mengi, ili uchaji na kuongea kwa pamoja.

Ikiwa lile jaribio la maikrofoni kwenye mipangilio lilifaulu na bado hakuna anayekusikia, twende kwenye programu. Magemu mengi huichukua maikrofoni yanapofunguka na hayaiangalii tena. Ukichomeka hedifoni katikati ya mchezo, gemu linaendelea kuisikiliza ile ya awali. Chomeka kwanza, fungua gemu baadaye. Ndani ya gemu tafuta pia kama mazungumzo ya sauti yamewashwa, kwa sababu mengine huyazima hadi uyaruhusu. Discord, programu ya mazungumzo wanayoitumia wachezaji wengi, ina orodha yake ya maikrofoni, na ikiwa uliwahi kuchagua kifaa fulani humo, rudisha chaguo la kifaa cha kawaida cha mfumo. Kitufe cha kushikilia ili kuongea husumbua unapoiendesha Discord pembeni ya gemu, maana kitufe hicho mara nyingi huishia kwa gemu na hakifiki kwa Discord. Chagua maikrofoni ijifungue yenyewe unapoongea, kisha rekebisha kiwango cha usikivu hadi mlio wa feni usitoshe kuifungua.

Iko siku sauti hupotea yote, ya kusikia na ya kuongea, hasa kifaa kinapoamka kutoka usingizini. Kabla ya kukiwasha upya, kuna njia nyepesi. Shikilia kitufe cha kuwashia, chagua kuhamia kwenye hali ya kompyuta, fungua programu ya kuandikia amri iitwayo Konsole, na uandike mstari huu. Kibodi ya kwenye skrini hufunguka kwa kubonyeza STEAM pamoja na X:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Amri hii inaanzisha upya PipeWire, programu inayogawa sauti ndani ya SteamOS, mfumo endeshi wa Steam Deck. Haihitaji nywila wala haifuti faili zako. Subiri sekunde chache, jaribu sauti, kisha rudi kwenye hali ya michezo.

Mwisho ni mtandao. Ukisikika lakini maneno yanakatikakatika au yanakuwa kama ya roboti, maikrofoni haina kosa. Wengi wetu tunacheza kwa intaneti ya simu na hudhani bando ndilo tatizo, lakini sauti hula kidogo sana: kiwango cha kawaida cha Discord ni kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 29 kwa saa kwa kila anayeongea mfululizo. Kinachohitajika ni mtandao tulivu, si mtandao mpana. Sitisha upakuaji wa magemu, kaa karibu na ruta au simu, na ukiweza tumia Wi-Fi ya gigahezi 5, kwa kuwa ile ya 2.4 inatumia masafa yaleyale ya Bluetooth na hugombana nayo.

Na kama kila hedifoni inafanya kazi isipokuwa maikrofoni ya ndani, ondoa kava na stika zote, angalia kama vitundu vyake vimejaa vumbi, uvisafishe kwa brashi laini iliyo kavu. Usichomeke sindano, kiwambo kilicho nyuma yake hutoboka kwa urahisi. Ikibaki kimya hata baada ya hapo, ulizia kwanza kama kifaa bado kina waranti kabla ya kumpa fundi akifungue, na wakati unasubiri jibu endelea kuongea kwa eafoni ya waya, ambayo haiihitaji maikrofoni hiyo hata kidogo.