Somo: Pakiti Inaishia Wapi? Kutafuta Hitilafu kati ya Mitandao Miwili kwenye Ruta ya Linux

Somo hili ni la mtu aliyeigeuza kompyuta ya Linux kuwa ruta, akaiwekea kadi mbili za mtandao, kisha akakuta kompyuta za upande mmoja haziufikii upande wa pili. Tutatumia mfano mmoja: ofisi ipo kwenye 192.168.10.0/24 kupitia kadi enp1s0 yenye anwani 192.168.10.1, na maabara ipo kwenye 192.168.20.0/24 kupitia enp2s0 yenye 192.168.20.1. Kompyuta ya ofisini ni 192.168.10.25, na seva ya maabara ni 192.168.20.50. Amri zote zitolewe kwa mamlaka ya root.

Usiongeze wala kufuta chochote kabla hujajua pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) inaishia wapi. Ruta nyingi zinazosumbua zimekwisha kujazwa njia na kanuni zilizonakiliwa huku na kule, hata hitilafu ya awali haitambuliki tena.

Hatua ya 1: Anwani na jedwali la njia

Toa amri `ip -br addr` uhakikishe kadi zote mbili zinaonyesha UP na kwamba maski (inayoonyesha ni sehemu ipi ya anwani inayotaja mtandao) ni /24, kisha utoe `ip route`. Unapaswa kuona mstari kama huu kwa kila mtandao:

192.168.20.0/24 dev enp2s0 proto kernel scope link src 192.168.20.1

Maneno "proto kernel" yana maana kwamba kerneli (kiini cha Linux) imeuandika mstari huo yenyewe mara tu kadi ilipopewa anwani. Kwa hiyo ruta iliyochomekwa moja kwa moja kwenye mitandao yote miwili haihitaji kuongezewa njia kwa mkono, ingawa maelekezo mengi husisitiza iongezewe.

Hatua ya 2: Ruhusa ya kupitisha pakiti

Toa `sysctl net.ipv4.ip_forward`. Jibu likiwa 0, kompyuta yako si ruta bado. Andika `net.ipv4.ip_forward=1` katika faili lililo ndani ya /etc/sysctl.d/, kisha utoe `sysctl --system`, ili mpangilio ubaki hata mashine ikizimwa na kuwashwa.

Hatua ya 3: Ifuate pakiti yenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Acha ping (amri inayotuma ombi dogo na kungoja jibu) iendelee kutoka 192.168.10.25 kwenda 192.168.20.50, kisha kwenye ruta fungua madirisha mawili ya tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita kwenye kadi:

tcpdump -ni enp1s0 icmp and host 192.168.20.50
tcpdump -ni enp2s0 icmp and host 192.168.20.50

Kumbuka kwamba tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla ukuta wa moto (firewall) haujaigusa, na huiona inayotoka baada ya ukuta kuiruhusu.

Ikiwa enp1s0 haionyeshi kitu, kosa liko kwenye kompyuta ya ofisini: ama lango lake (gateway, yaani ruta inayopelekewa pakiti za nje ya mtandao wake) si 192.168.10.1, ama maski yake ni /16, hivyo inadhani seva ni jirani na kuitafuta kwenye kebo yake yenyewe.

Ikiwa ombi linaingia enp1s0 lakini halitoki enp2s0, limekwama kwenye ruta yako. Tazama `nft list ruleset` au `iptables -L FORWARD -v -n`, na uangalie ni hesabu ya kanuni ipi inayopanda kila ping inapopita. Mashine yenye Docker (programu ya kuendesha kontena) ishukiwe mapema, kwa sababu Docker huweza kuugeuza msimamo wa mnyororo wa FORWARD (kanuni za pakiti zinazopitishwa) kuwa DROP, yaani kuzitupa, bila wewe kuuliza. Tazama pia `ip neigh`, orodha ya majirani wa ruta: neno FAILED mbele ya 192.168.20.50 linaonyesha kwamba seva haiitikii hata inapoitwa na ruta iliyo kwenye mtandao wake.

Ikiwa ombi linatoka enp2s0 na jibu halirudi, ruta haina hatia. Hali hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi: seva ya maabara ina lango jingine, kwa kawaida ile ruta ya mtoa huduma wa intaneti, na jibu lote linatumwa huko. Ama badilisha lango, ama iongezee seva njia hii:

ip route add 192.168.10.0/24 via 192.168.20.1

Kwenye Windows amri yake ni `route -p add 192.168.10.0 mask 255.255.255.0 192.168.20.1`. Huko kagua pia ukuta wa moto, maana mara nyingi hukubali ping za majirani tu.

Tahadhari moja: ping inayotolewa kwenye ruta yenyewe hudanganya, kwa kuwa hutoka na anwani 192.168.20.1, ambayo seva inaiona kama jirani. Tumia `ping -I 192.168.10.1 192.168.20.50`, ili jibu nalo lilazimike kuitafuta njia ya kurudi ofisini.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nilipoongeza masquerade kwenye enp2s0 kila kitu kilifanya kazi. Naweza kuiacha?

Jibu: Masquerade huibadilisha anwani ya mtumaji kuwa ya ruta. Inafanya kazi kwa sababu seva sasa inaona kila ombi limetoka kwa ruta, kwa hiyo haihitaji kuijua njia ya kurudi ofisini. Hiyo ni dalili tosha kwamba kosa lilikuwa upande wa seva, ama kwenye lango lake ama kwenye ukuta wake wa moto. Ukiiacha, kumbukumbu za seva zitaandika 192.168.20.1 kwa kila mtu, na hutaweza kumtambua aliyeingia. Mimi ningeiondoa.

Swali: Samahani mwalimu, pande zangu zote mbili zinatumia 192.168.1.0/24. Nianzie wapi?

Jibu: Badilisha namba za upande mmoja kwanza, ndugu yangu. Kompyuta ikiona anwani iliyo ndani ya mtandao wake haiipelekei ruta pakiti kabisa.

Swali: Ping inafika kwenye printa ya maabara, lakini kompyuta za ofisini haziioni kwenye orodha ya printa. Je, bado ni tatizo la njia?

Jibu: Hapana, njia yako ni nzima. Printa nyingi hujitangaza kwa mDNS (njia ya vifaa kujitambulisha kwa majirani) kupitia anwani 224.0.0.251, na tangazo hilo halivuki ruta. Isajili printa kwa anwani yake ya IP, au uweke Avahi (programu ya mDNS ya Linux) kwenye ruta na kuandika `enable-reflector=yes` katika avahi-daemon.conf. Kwa printa moja au mbili, kusajili kwa IP kunatosha.