Jinsi ya kukagua vyeti vya dawa vya wagonjwa wa nje

Mtu ana mafua ya siku mbili, anatoka na antibiotiki, dawa ya kikohozi, ya mzio na ya maumivu. Sisi tunaoshinda kwenye dirisha la kutolea dawa twayaona haya kila siku, lakini kamati ya dawa ya hospitali inataka hesabu. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1993, vya kupima jinsi dawa zinavyoandikwa, vinatosha kwa watu wawili na daftari.

1. Ombeni kibali. Jina la mgonjwa msiliandike. Umri, jinsia, ugonjwa na dawa vinatosha.

2. Chagueni vyeti 100, vya mwaka mzima. Mkichota vyote vya Mei, mtakuwa mmepima masika ya Mombasa tu. Rejista ikiwa na wagonjwa 24,000, gawanyeni kwa 100 mpate 240. Pigeni kura ya namba ya kuanzia, 1 hadi 240, kisha kila mara mruke 240. Tumieni rejista ya vyumba vya matibabu, si karatasi zilizobaki dirishani. Aliyeambiwa "hii kanunue nje" aliondoka na cheti chake hadi duka la Kongowea, na dawa ile iliandikwa vilevile.

3. Kubalianeni kanuni kabla ya kuhesabu. Kazi nyingi huharibikia hapa. Artemether-lumefantrine, ya malaria, ni dawa moja, japo ina viambato viwili. Chanjo haihesabiwi kama sindano. Metronidazoli je, ni antibiotiki? Amueni mapema, muandike, wote wawili mfuate. Aliyeandika "Augmentin" ametumia jina la biashara, hata kama dirisha lilitoa ya kampuni nyingine.

4. Pigeni hesabu. Dawa 310 katika vyeti 100 ni wastani wa 3.1; watafiti wengi hulinganisha na kiwango kinachofaa cha 1.6 hadi 1.8. Vyeti vyenye antibiotiki, na vyenye sindano, hugawanywa kwa idadi ya vyeti. Dawa zilizoandikwa kwa majina halisi, si ya biashara, na dawa zilizomo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Kenya, hugawanywa kwa idadi ya dawa. Angalieni sana hapo.

5. Rudieni antibiotiki, moja moja, kando ya ugonjwa ulioandikwa. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezipanga antibiotiki makundi: amoksilini ni ya kutangulizwa, seftriaksoni na azithromaisini ni za kutumiwa kwa uangalifu. Asilimia kubwa peke yake haimtii mtu hatiani. Seftriaksoni kwa mafua, hiyo ina maswali.

6. Pelekeni matokeo kwa maafisa wa kliniki na madaktari. Kila mmoja apewe hesabu zake faraghani. Ukibandika majina ukutani, mwezi ujao rejista zitaandikwa nusunusu. Kisha ulizeni sababu. Mmoja atasema maabara hufungwa mapema, kwa hiyo anatibu malaria bila kipimo. Mwingine, kuna mama hatoki chumbani bila mwanawe kudungwa sindano. Suala la kwanza pelekeni kwa msimamizi wa maabara. La pili lataka mazungumzo na wazazi pale kwenye benchi wanaposubiri.