Unahamia Dar? Anza na kazini kwako, nyumba baadaye

Kosa la wageni wengi ni kupenda nyumba kwanza alafu ndo wanauliza "hivi huku kuna foleni?" Ipo. Kama kazi iko Posta au Kariakoo, angalia Kimara au Magomeni maana mwendokasi inapita hapohapo, ila Kimara asubuhi ujipange mana kuingia kwenye basi ni shughuli. Kigamboni kuna upepo mzuri na viwanja, lakini kila siku unavuka, iwe kwa panton au daraja la Nyerere, so piga hesabu ya nauli na muda kwa mwezi mzima sio kwa siku moja.

Usiende kuangalia nyumba jumapili mchana, mtaa wote umetulia utadanganyika. Nenda jumatatu saa 12 asubuhi, panda daladala mwenyewe, rudi tena usiku usikie kama kuna baa jirani. Kipindi cha masika ndo kizuri zaidi, mi nilichukua chumba bondeni mwezi wa nane, pakavu safi, mwezi wa nne maji yakanikuta kitandani. Toka hapo naangalia ukutani kama kuna alama ya maji hata kama wamepaka rangi jana.

Dalali usimuulize kuhusu maji ya bomba, muulize mama muuza genge. Na luku (mita ya umeme), ujue unashea na wangapi kabla hujatoa kodi ya miezi sita.