Kumbukumbu za ukaguzi ndani ya hifadhidata: nani kabadilisha nini, lini

Mkaguzi hakuulizi mfumo wako una kasi gani. Ananyooshea kidole tarakimu moja: hii ilikuwa ngapi kabla, na nani kaibadilisha? Hapa natumia hifadhidata ya PostgreSQL.

Hatua ya 1: Chagua cha kufuatilia. Salio, bei, haki za watumiaji, taarifa za wagonjwa. Usinakili kila kitu, maana ukinakili rekodi nzima umenakili na siri zake. Nywila ziache nje.

Hatua ya 2: Unda jedwali.

```
CREATE SCHEMA ukaguzi;
CREATE TABLE ukaguzi.kumbukumbu (
  id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY,
  wakati timestamptz NOT NULL DEFAULT clock_timestamp(),
  jedwali text NOT NULL,
  kitendo text NOT NULL,
  mtumiaji text NOT NULL,
  kabla jsonb,
  baada jsonb
);
```

Nimetumia `clock_timestamp()` kwa sababu `now()` hurudisha saa muamala (kundi la amri zinazokamilika zote au kufutwa zote) ulipoanza, si saa badiliko lilipotokea.

Hatua ya 3: Weka triga, yaani funksheni ambayo hifadhidata huiita yenyewe jedwali linapobadilishwa. Iwe ya `AFTER INSERT OR UPDATE OR DELETE`, kwa kila rekodi, ikihifadhi `to_jsonb(OLD)` (rekodi ya kabla) na `to_jsonb(NEW)` (ya baada), ukiondoa safu za siri, mfano `to_jsonb(NEW) - 'nywila'`. Inafanya kazi ndani ya muamala uleule, hivyo badiliko na kumbukumbu yake hupita pamoja au hufa pamoja. Angalia `TRUNCATE`, amri ya kumwaga jedwali zima: haiamshi triga za rekodi mojamoja. Iwekee triga yake, au mnyime mtumiaji ruhusa hiyo kabisa.

Hatua ya 4: Mjue mtu halisi. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Programu huingia kwa akaunti moja, na miunganisho inatumiwa kwa zamu, kwa hiyo `current_user` inakupa jina la programu tu. Kila muamala ukianza, programu itaje mtu:

```
SELECT set_config('app.mtumiaji', 'u-1042', true);
```

Hiyo `true` mwishoni hufuta jina muamala ukiisha. Niliwahi kuandika `false`. Wiki nzima karani aliyekuwa likizo akaonekana anabadilisha rekodi! Ndani ya triga soma hivi:

```
NULLIF(current_setting('app.mtumiaji', true), '')
```

Bila `NULLIF`, muunganisho uliokwisha tumika unaweza kurudisha neno tupu, nalo litapenya `NOT NULL` bila kelele.

Hatua ya 5: Funga mlango. Funksheni ya triga iwe `SECURITY DEFINER` (hutumia ruhusa za mmiliki wake, si za aliyeiamsha), yenye `search_path` (orodha ya skima za kutafutia majedwali) iliyofungwa, na imilikiwe na akaunti nyingine. Akaunti ya programu isipewe ruhusa yoyote kwenye jedwali la kumbukumbu. Hata hivyo msimamizi mkuu anaweza kuzima triga atakapo, kwa hiyo peleka nakala kwenye seva ambayo yeye hana funguo zake. Mnyororo wa hashi, yaani kila kumbukumbu kubeba alama iliyokokotolewa kutokana nayo na iliyotangulia, husaidia, ila anayeshika jedwali zima anaweza kuukokotoa upya. Hashi ya mwisho ya kila siku iwekwe nje.

Hatua ya 6: Muda wa kutunza. PCI DSS, kiwango cha usalama wa data za kadi za malipo, inataka miezi 12, na mitatu ya karibuni ipatikane papo hapo. Gawa jedwali kwa mwezi ili kuondoa ya zamani kuwe kazi ya amri moja. Triga haioni usomaji. Sheria ikitaka kujua nani *alitazama*, ongeza pgAudit, kiendelezi cha PostgreSQL kinachoandika pia usomaji.

Hatua ya 7: Jaribu kuivunja. Ingia kwa akaunti ya programu, ufute kumbukumbu moja. Kisha badilisha salio bila kutaja mtumiaji. La kwanza likipita, rudi hatua ya 5. La pili likipita, rudi ya 4.