SOMO: Kuongoza timu ya wasanidi programu kwenye kampuni ya habari za mtandaoni

Wakuu, swali hili nimelijibu faraghani mpaka nimechoka: "Nimekabidhiwa timu ya wasanidi kwenye kampuni ya habari, nianzie wapi?" Kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia kiungo cha hapa. Walio kwenye benki na maduka ya mtandaoni mtaokota yanayowafaa. Mimi naongelea sehemu ambayo habari kubwa ikiibuka usiku wa manane, wasomaji wote wanabisha hodi kwa mpigo, na mhariri hawezi kukuambia mapema kwa sababu hata yeye hajui.

Nikiulizwa neno moja tu, ni hili: panga kazi ili dharura ya habari isigeuke dharura ya msimbo (maandishi ya programu). Hatua zote zinaelekea huko.

Hatua ya 1. Omba kiti kwenye kikao cha wahariri cha asubuhi. Wiki za mwanzo sikiliza tu.

Hatua ya 2. Orodhesha kila kinachopakiwa kwenye ukurasa wa makala, na pembeni andika jina la mwenye nacho. Msimbo wa timu yako utakuwa sehemu ndogo tu. Kinachobaki ni skripti za matangazo, vihesabio, vicheza video na vitu vilivyowekwa kwa ajili ya kampeni ambayo ilishaisha na hakuna anayeikumbuka. Kisicho na mwenyewe, kizime kwa siku chache uone nani atalia. Miongoni mwa vipimo vya Google vya ukurasa mzuri ni hivi viwili: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na alama ya mtikisiko (jinsi vitu vinavyohamahama kwenye ukurasa) isizidi 0.1, kwa asilimia 75 ya ziara. Tangazo linaloshuka juu ya aya ya kwanza baada ya msomaji kuanza kusoma ndilo linaloharibu hiyo ya pili. Ongea na watu wa mauzo wakubali kutenga nafasi ya tangazo mapema, hata likichelewa kufika.

Hatua ya 3. Usijipangie msimbo ambao wengine wanausubiri. Siku yako italiwa na vikao.

Hatua ya 4. Nusu saa kila wiki na kila mmoja, ana kwa ana. Usiahirishe.

Hatua ya 5. Unganisha kalenda yenu na ya chumba cha habari: uchaguzi, bajeti, fainali za mpira. Siku hizo hakipelekwi hewani kitu kikubwa, na zamu inakuwa na watu wawili.

Hatua ya 6. Wape wahariri swichi. Kuweka utepe mwekundu juu ya ukurasa, kuzima maoni, kuzima video zinazojicheza, kuhamia ukurasa mwepesi usio na matangazo: yote hayo mhariri ayafanye mwenyewe bila kumwamsha mtu. Kila mara msanidi anapoamshwa abadilishe maandishi ya utepe, ujue kuna swichi inakosekana.

Hatua ya 7. Kache, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili zitolewe haraka. Hapa tulieni. Wasomaji wengi hawafiki kwenye seva mama (seva yenu wenyewe), wanahudumiwa na CDN, mtandao wa seva zilizosambazwa sehemu nyingi, yenye nakala ya ukurasa. Tuseme ukurasa wa mwanzo unaombwa mara 2,000 kwa sekunde na nakala inaishi sekunde 30. Hapo maombi 60,000 yanajibiwa na nakala ileile, na seva mama inaguswa mara chache sana. Sasa kichwa cha habari kimekosea jina la marehemu. Mhariri anapiga simu, watu wameshapiga picha za skrini, na aliye zamu anafungua paneli ya CDN na kubonyeza "futa yote". Kichwa cha habari hakijapata hata nafasi ya kubadilika, tovuti nzima imelala. Hakufuta ukurasa mmoja. Amefuta kila makala, kila picha na kila faili la mwonekano, na maombi yote yameigeukia seva mama kwa pamoja. Seva inachelewa, wasomaji wanaupakia ukurasa upya, maombi yanaongezeka. Ukiiwasha upya inazama tena kabla kache haijajaa. Msiniulize nimejuaje.

Maonyo:

– Kitufe cha kufuta yote wasiwe nacho zaidi ya watu wawili. Wengine wafute kwa lebo: kila makala ibandikwe lebo yake, na kurasa zote zinazoionyesha ziibebe lebo hiyohiyo.

– Kwenye Cache-Control (maagizo ambayo seva inatoa kuhusu nakala zitunzwe vipi) weka stale-while-revalidate na stale-if-error. Ya kwanza inampa msomaji nakala ya zamani wakati mpya inafuatwa. Ya pili inampa nakala ya zamani seva mama ikianguka. Soma maelezo ya CDN yako, si zote zinazozitii kwa namna moja.

– Washa uunganishaji wa maombi: elfu wakitaka ukurasa uleule, aende mmoja, wengine wasubiri jibu lake.

– Mazoezi ya haya yafanyike siku tulivu. Narudia, siku tulivu.

Hatua ya 8. Baada ya kila hitilafu, fanyeni kikao cha tathmini kabla kumbukumbu hazijapoa. Swali ni "mfumo uliruhusuje?" Ukianza na "nani kafanya?", kuanzia siku hiyo watu watakuficha mambo.

Maswali karibuni.

Chapchap: Mkuu somo refu. Kwa kifupi, nitumie fremuweki gani?

Jibu: Hakuna mahali nimetaja fremuweki. Ungesoma ungejua.

Bintimsimbo: Shikamoo mkuu. Nimepandishwa cheo, sasa nawaongoza kaka zangu walionifundisha kazi. Mmoja hataki msimbo wake upitiwe, anasema mfumo kaujenga yeye. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Usianze na cheo. Kanuni iweke kwenye mfumo badala ya mdomoni: tawi kuu (nakala ya msimbo inayokwenda hewani) likatae msimbo wowote ambao hajauidhinisha mtu wa pili, na wewe mwenyewe ukiwemo. Kisha msimbo wako wa kwanza mpelekee yeye aupitie, na akikukosoa rekebisha mbele ya wote. Mtu wa aina hiyo mara nyingi anahofia kuwa siku mfumo ukieleweka na kila mtu, yeye hatahitajika. Mpe kazi inayomuonyesha kinyume, kwa mfano awafundishe wageni sehemu ngumu aliyoijenga. Akiendelea, mketi wawili, na uongee kuhusu tukio moja lenye tarehe. Ukimwambia "wewe una dharau", mazungumzo yameisha hapo.

Bintimsimbo: Asante sana mkuu. Na usiku wa dharura, wa kupitia akiwa amelala?

Jibu: Weka njia ya dharura: msimbo unapita, mfumo unapiga kengele kwa timu yote, na mapitio yanafanyika asubuhi bila kukosa. Njia hiyo ikitumika kila wiki, kachunguze hatua ya 6.

Kibodi_Moto: Hatua ya 6 ni nadharia tu. Kwetu wahariri wanataka kitu kipya kila siku, swichi zitafika mia tatu.

Jibu: Sijasema kila ombi liwe swichi. Nimetaja nne, zihesabu. Swichi za majaribio, za kujaribia vipengele vipya, ni kitu kingine: kila moja ipewe tarehe ya kufa, na ikipita, majaribio ya kiotomatiki yagome mpaka iondolewe. Mia tatu zinatokana na kutofuta.

MzeeWaSeva: Kijana umeeleza vema. Na CDN yenyewe ikianguka?

Jibu: Hapo ndipo wengi hawajajipanga, mzee wangu. Tarehe 8 Juni 2021 Fastly, kampuni ya CDN, walipata hitilafu: mteja mmoja alibadilisha mipangilio yake, mabadiliko halali kabisa, yakaamsha kosa lililokuwa limejificha kwenye programu yao. Guardian, New York Times na CNN zikapotea hewani kwa muda. The Verge, tovuti ya habari za teknolojia, wakahamia Google Docs kuandika habari, ila kiungo kikatoka kikiwa wazi kwa kuhaririwa, wasomaji wakaanza kujiandikia. Kwa hiyo tayarisheni njia mbadala mapema, funguo za DNS (mfumo unaoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake) ziwe kwa watu wanaopatikana, na mahali pa akiba pa kuchapisha pawe pamefungwa ruhusa kabla hamjapahitaji.

Chapchap: Tumechelewa kutoa programu ya simu. Nikiongeza wasanidi wanne tutamaliza?

Jibu: Fred Brooks, mwandishi wa kitabu The Mythical Man-Month, alishalijibu mwaka 1975: ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Punguza vipengele.

NusuSaa: Mkuu, nje ya mada. Tukirekebisha kichwa cha habari, kwenye Facebook kinabaki cha zamani. Wahariri wanatulaumu sisi.

Jibu: Si nje ya mada, hiyo nayo ni kache, ila si yenu. Facebook wana chombo cha kukagua viungo vinavyoshirikiwa: unaweka anwani, unaagiza isomwe upya. Mfundishe mhariri wa zamu akitumie mwenyewe. Na kichwa kikibadilika, anwani ya makala isibadilike. Ikibidi kabisa, weka 301 (jibu la seva linalompeleka msomaji anwani mpya) kutoka ya zamani.

NusuSaa: Imekubali! Na makala iliyoondolewa kabisa, tunaielekeza ukurasa wa mwanzo?

Jibu: Hapana. Toa 410 (jibu la seva kwamba ukurasa umeondolewa moja kwa moja) pamoja na ukurasa mfupi unaosema makala imeondolewa. Ya kuandika humo waachie wahariri, na mwanasheria ayapitie kwanza.